Shangazi alivyoinuka Ngome Kongwe

Jana usiku nimejilaza na simu naangalia klipu ya taarab, ya zamani kidogo, wapiga fidla wamepangwa mstari na makoti yao, mwanangu akaja akachungulia juu ya bega langu, akatazama wee, halafu akauliza, "Mama, yule bibi si kashalipa mlangoni? Mbona tena anampelekea pesa yule anayeimba?" Nikamwambia anatunza. "Kutunza ndo nini?" Kushukuru, nenda kalale. Akenda akalala. Mimi ndo sikulala, maana nilijua nimempa nusu ya jibu, na ile nusu nyengine mwenyewe naitafuta tangu mwaka ule wa giza.

Waliokuwepo Unguja hawana haja ya kuelezwa. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari na kuibukia Fumba, sasa Disemba 2009 ikatokea hitilafu kule Fumba, kisiwa kizima kikazimika mpaka Machi 2010. Maji hayapandi kwa kuwa pampu hazina umeme, watu wanahangaika na madumu, samaki akinunuliwa lazima aliwe siku ile ile, na mwenye uwezo wake kaweka jenereta mlangoni, ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe usiku humsikii hata anayekusalimia.

Shangazi yangu wa mtaa wa Kikwajuni hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini jioni moja ya Januari tumekaa barazani, majirani kushoto na kulia wananguruma, akaniambia, "Nimechoka kusikiliza mashine. Nipeleke nikasikilize watu." Kumbe kashapata habari kuna taarab Ngome Kongwe. Si Sauti za Busara, ile ya Februari inayojaza mji mzima, hapana, usiku wa kawaida tu, wazee wa kundi na vijana wanaowafundisha, kiingilio kidogo, wenyeji kiasi na watalii kiasi. Akajifukiza udi, akavaa buibui, khanga ndani, asumini kichwani, akawa tayari kabla yangu.

Pale mlangoni pa ngome akasimama kidogo akashika ukuta. Mimi ile ngome nilikuwa naijua kama tulivyosomeshwa skuli, kwamba Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa miaka ya 1600, pahala palipokuwa na kanisa la Wareno, kwamba baadae ikawa jela, na kwamba ile reli ya Bububu nayo iliwahi kuitumia kama karakana. Yeye ngome yake ilikuwa nyengine. Akanambia alipokuwa mtoto aliingizwa mle na mama yake, kwa sababu ule ua mwaka 1949 ulitengenezwa ukawa wa kina mama, kuna kiwanja cha tenisi, wanawake wa mji wanavua mabuibui wanacheza, hakuna mwanamme anayewaona kwa vile kuta zenyewe ndo hizo unavyoziona. Baada ya 1964 mambo hayo yakaisha. "Nilikuwa naokota mipira," akasema, na akaingia ndani kama mtu anayerudi kwao.

Sasa ule ukumbi wa wazi wenyewe, kwa asiyewahi kukaa. Uliongezwa miaka ya tisini, mkono wa pili wa ngome, ngazi za mawe zimejipinda nusu duara zinateremka mpaka jukwaani, na nyuma yake kuta za ngome na zile meno zake za juu. Hauna paa. Mawe yanakuwa bado na joto la mchana, ukikaa unalisikia kwenye mapaja, na mwenye akili anakuja na mto au khanga ya kukunja. Na ni mdogo! Hilo ndo ninalolipenda kuliko yote. Mtu aliyekaa ngazi ya juu kabisa anamuona mwimbaji anavyomeza mate kabla ya ubeti, na mwimbaji naye anamuona yeye. Hakuna pa kujificha mle, mpigaji wala msikilizaji. Nimeshakwenda kumbi za kisasa zenye viti vya sponji na spika mpaka chooni na sijapata usiku wowote wa kuulinganisha na Ngome.

Tukakaa ngazi ya katikati. Jenereta lilikuwa nje ya ukuta linasikika kwa mbali, taa mbili tatu, maikrofoni, kinanda cha umeme pembeni, halafu wenyewe: mafidla, udi wa nyuzi, kanuni ile ala bapa ya nyuzi nyingi, filimbi ya nai, akodiani, besi kubwa la kusimama, ngoma ya dumbak na tari ndogo ya rika. Wakaanza na ala tupu kama kawaida, kisha wakaimba mwimbaji mmoja baada ya mmoja, watu wanazungumza zungumza kama watu wa taarab walivyo, karanga zinapita, kina mama wanashuka kutunza na kurudi. Shangazi kakaa kimya. Hilo halikunishangaza, yeye hatunzi. Harusi zote tulizokwenda, hata za watoto wa ndugu zake, hajawahi kuinuka, akisema pesa zake zina kazi.

Halafu akapanda mwimbaji mwanamke, mtu mzima, gauni la kijani, na katikati ya wimbo wake jenereta likafa.

Kiza kitupu. Maikrofoni imekufa, kinanda kimekufa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikasikia mji bila mashine. Nikasikia bahari upande wa Forodhani. Nikasikia muuza mishkaki anamwita mtu. Watalii wakaanza kuwasha simu zao, mzee mmoja mbele yetu akawaambia kwa Kiswahili, kwa upole tu, "Zimeni, zimeni," na wakazima bila ya kujua kasema nini.

Na wale wapigaji hawakusita. Hilo mpaka leo linanisisimua. Wa dumbak akaacha kupiga kwa kiganja akahamia ncha za vidole ili asimfunike mtu. Mwimbaji akaiacha ile maikrofoni, akasogea mbele hatua mbili mpaka ukingo wa jukwaa. Wa mafidla wakateremsha nyuta zao za kupigia magotini, wote pamoja, hakuna aliyewaambia, na ikabaki kanuni. Mnajua kanuni bila spika ni kitu kidogo, mzee kailaza mapajani, kucha za kupigia kafungia kwa pete kwenye vidole vya shahada, na kila nota ni nyuzi tatu zinalia pamoja, kwa hivyo kuna ule mtetemo mwembamba ambao spika hazijawahi kunipa. Tulinyamaza ngazi zote. Hata watoto. Macho yakaanza kuzoea, mbalamwezi ikaanza kuonesha kuta, ile sauti ya mama inakwenda mpaka ukutani na kurudi, haina haraka, kila neno linasikika na herufi zake zote.

Ulikuwa ubeti wa mtu aliyeagwa akaahidiwa kurejewa. Miaka imepita, na yeye kila mlango ukigongwa moyo unamtangulia kwenda kufungua.

Hapo ndo nikasikia buibui linachakarika pembeni yangu. Shangazi anafungua pindo la khanga. Akatoa noti, akaikunja kwa urefu mara mbili, ikawa nyembamba kama kijiti, akaiweka baina ya kidole cha shahada na cha kati, akainuka. Nikamshika mkono maana ngazi hazionekani na yeye magoti yake mabovu, akautoa mkono wangu taratibu. Akashuka. Hakushuka kama mtu mzima anayeogopa kuanguka, alishuka na mwendo wa wimbo, mguu, kanuni, mguu, kanuni, noti kainyanyua juu ya bega, kichwa kakiinamisha kidogo upande. Watu wanampisha. Mle ndani hakukuwa na kitu kinachokwenda isipokuwa yeye na vidole vya yule mzee.

Alipofika chini hakuiweka noti haraka na kugeuka, kama wanavyofanya wengi. Alisimama mbele ya yule mwimbaji akamtazama. Mwimbaji akaona, akaurudia mstari, akaurudia tena, anamuimbia yeye peke yake sasa, na shangazi anatikisa kichwa, ndio, ndio, halafu akamtia noti kiganjani na akakifunga kile kiganja kwa mikono yake yote miwili. Nyuma yangu bibi mmoja akasema, "Ee, leo kasema." Na mwenzake akamjibu, "Muda mrefu huo." Nikageuka kuwatazama na wote wawili wakatazama pembeni.

Aliporudi akakaa, akajifunika vizuri, akaomba maji. Jenereta likawaka muda si mrefu, taa zikatuumiza macho, watu wakapiga makofi, usiku ukaendelea, sikumbuki hata nyimbo zilizofuata. Tukatoka, akataka muhogo wa kuchoma Forodhani chini ya karabai, akala wote.

Sasa hii ndo nusu ambayo sikumpa mwanangu. Kutunza ni kushukuru, kweli, na mwimbaji naye anakula. Lakini nyimbo zetu ni mafumbo matupu, kila mtu anabeba fumbo lake kutoka nyumbani, na ubeti unaoinukia ndo unaosema kwamba huu ni wangu. Wapo wanaoinuka kumrushia mtu, wanampitia mbele makusudi ili aelewe. Wapo wanaoinuka kwa kuwa wameshikwa pabaya. Na mahala padogo kama Ngome kila mtu anaona nani kainuka na kwa neno gani, huwezi kusema hukumaanisha. Shangazi alifiwa na mumewe mimi sijazaliwa, wote wanaomkumbuka wanasema alikuwa mtu mwema, na alifia kitandani kwake, mkononi mwake. Hakumuaga na kumuahidi kurudi. Kwa hiyo ubeti ule si wake marehemu. Ni wa nani? Kuna watu wangapi waliondoka kisiwani enzi za ujana wake, kwenda Bara, kwenda Maskati, Ulaya, wakaagwa bandarini na hawakurudi? Naweza kukaa nikakisia mpaka asubuhi, na pengine sina haki ya kukisia, mtu kalificha jambo lake umri mzima akalitoa kizani mara moja kwa noti moja, na labda hiyo ndiyo heshima yake, tumuachie. Sijui. Siku nyengine naona tumuachie, siku nyengine naona alitaka hasa tujue, la sivyo angebaki amekaa kama harusi zote zile.

Lile jengo la jirani, Beit al-Ajaib, lilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020, nilishtuka kama wote, ila kitu cha kwanza kilichonijia ni zile ngazi za Ngome, nikapiga simu kwa mtu kumuuliza ngome imesalimika? Imesalimika. Shangazi wakati huo alishatangulia, Mungu amrehemu.

Kabla ya hapo nilijaribu kumuuliza, mara moja tu. Tulikuwa tunakunywa chai kwake Kikwajuni, nikasema shangazi, ule usiku wa Ngome, ulimtunzia nani? Akakoroga chai. "Mpiga fidla. Alipiga vizuri." Nikamwambia lakini shangazi, ubeti ule mafidla yalikuwa yamenyamaza, nyuta ziko magotini. Akanitazama, akanywa chai yake kidogo.

"Basi nilimtunza wa kanuni," akasema, na akaniuliza habari za watoto.