Kivuli cha Mkorosho

Mkorosho ule uko upande wa nje wa kona, na mimi ndiye niliyewaambia watu wakae chini yake. Lilikuwa shindano la kwanza la klabu yetu ya pikipiki, nje kidogo ya mji wa Mtwara, saa 7 mchana, na kivuli kingine cha maana hakikuwepo. Vijana wawili wakaingia konani bega kwa bega. Mmoja akatoka kwenye udongo ulioshindiliwa akaangukia mchanga laini, tairi la mbele likateleza, pikipiki ikaenda moja kwa moja mkoroshoni. Mtoto wa miaka 9 alivunjika mkono. Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye gari. Kilio cha mama yake bado ninakisikia.

Kamati ikataka tuache kabisa, nami nikakubali. Wiki ya tatu, nikitoka Mikindani jioni, wakanipita vijana wetu wanne wakishindana kwenye lami, malori ya saruji yakija mbele yao. Shindano tulikuwa tumelifuta, hamu yao ilikuwa palepale. Kesho yake nikaiomba kamati turudi kiwanjani, ila kwa namna nyingine.

Tulianza na breki. Tulichora mstari wa chokaa, fundi wetu akaufikia kwa kilomita 30 kwa saa na kubana breki hapohapo. Alisimama baada ya hatua 11. Akarudia kwa 60: hatua 44. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Vijana walizitembea zile hatua wenyewe wakihesabu kwa sauti, na ubishi wa wiki nzima ukaisha pale.

Sasa anaingia mmoja mmoja, anashindana na saa. Matairi chakavu tumeyapanga karibu karibu, hakuna mnyooko wa kumpa mtu nafasi ya kuvuta mafuta mpaka mwisho. Ukigusa tairi unaongezewa sekunde 5. Mwanzoni waliniambia, "Kaka, umetunyima raha." Lakini raha ilikuja kutoka tusikoitazamia: dereva wa bodaboda mwenye Boxer iliyochoka, aliyezoea kupita na abiria kwenye mchanga wa vijijini, akawashinda wenye pikipiki mpya za pesa za korosho. Watu walipiga vigelegele mpaka saa ikawa haisikiki ikitangazwa. Pikipiki kubwa haina faida kubwa pale. Mikono na macho ndivyo vinavyoshinda.

Kwenye helmeti sisikilizi mtu. Naishika kidevuni naitikisa; ikizunguka peke yake kichwani, hupandi. Mkanda ukiwa na kifungo kilichovunjika, hupandi. Na helmeti iliyowahi kupiga chini kwa nguvu naikataa hata ikiwa inang'aa, kwa sababu povu gumu la ndani likishabonyea halirudi, na pigo la pili litafika kichwani. Kijana mmoja niliyemkataa aliondoka machozi yakimlenga, maana alikuwa ametoka Nanyamba alfajiri. Iliniuma. Mwenzake alipomaliza zamu akamvalisha yake ikamkaa vizuri, akapanda. Tangu hapo klabu inanunua helmeti za kuazima, kwa ada za wanachama, mbili mbili kila tunapoweza.

Polisi na serikali ya mtaa wanapewa taarifa mapema. Gari la dharura linakaa limeelekezwa barabarani, funguo ndani, na muuguzi pembeni. Likiondoka na mgonjwa, mbio zinasimama mpaka lirudi. Mara moja tulisubiri karibu saa nzima kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, watu wakanung'unika, nami sikulegeza.

Kazi iliyonishinda muda mrefu ni ule mkorosho. Nilifunga kamba, watu wakapita chini yake. Nikaweka vijana wa kuwazuia, wakinamama wenye watoto mgongoni wakawaomba, wakaruhusiwa. Nani angemkatalia mama kivuli kwenye jua lile? Ndipo nikaelewa kuwa hawakuwa wakidharau hatari, walikuwa wanaungua. Tukakodi maturubai mawili na mabenchi, tukayaweka upande wa ndani, nyuma ya tuta la udongo, mahali ambapo kona yote inaonekana vizuri zaidi. Wauza maji na mihogo tukawahamishia hukohuko. Maturubai tunayafunga saa 12 asubuhi, kabla jua halijampa mtu yeyote sababu ya kuutafuta mkorosho.