Siku moja kazini: mimi, mzee na yule punda wa chuma

Saa 11 na nusu alfajiri (nahesabu saa za Kiswahili, London au Tanga mimi sibadiliki). Nje giza, baridi ya kupasua midomo, chai ya tangawizi nainywa nimesimama maana nikikaa tu nalala tena. Mimi ni fizio, yaani mtu wa mazoezi ya tiba, na sa hivi nashughulika na mikono tu, mikono ya watu waliopata kiharusi. Ndugu zangu nyumbani wakisikia kazini kuna roboti wanadhani ni kijitu cha chuma kinazunguka wodini kinasalimia watu. Wapi! Ni meza, skrini na mkono wa chuma unaoteleza juu ya meza, basi.

Saa 1 na nusu. Nawasha mashine, imegoma. Nazima, nawasha, nazima, nachungulia nyaya, nimeshaanza kumlaumu mtu wa usafi moyoni, kumbe kile kitufe chekundu cha dharura kimebonyezwa tangu jana jioni na aliyekibonyeza ni mimi mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Saa 3. Anaingia mzee wangu wa Kiunguja, yuko huku miaka mingi, kiharusi kilimpata upande wa kulia. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, punda wako keshaamka?" Mashine anaiita punda, na mi nishazoea.

Namkalisha, mkono wake naulaza kwenye kibebeo kama nusu ya bomba, mikanda ya kubandika juu, vidole navikunjua kimoja kimoja maana vimekakamaa, navizungushia mpini. Dole gumba ndo la mwisho, lenyewe halitakagi haraka, ukilivuta linajikunja zaidi. Kwenye skrini kuna duara katikati na maduara mengine 8 yamezunguka kama uso wa saa, yeye anatakiwa atoke katikati aende moja arudi, aende lingine arudi. Akichelewa kuanza mashine inamsukuma taratibu, akijitahidi mwenyewe inamwachia. Mashine za ukoo huu zilianzia MIT kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 90, na uzuri wake ni kwamba hazichoki, kwenye kikao kimoja mtu anaweza kwenda na kurudi mara mia kadhaa, hata kukaribia elfu, mimi kwa mikono yangu hii nikimfikisha mia moja sote tuko hoi.

Ila mzee ana ujanja wake. Bega likichoka anasukuma kwa kifua, kiwiliwili kizima kinainama mbele, duara linafikiwa na skrini inampongeza! Skrini haina macho. Nikamfunga mkanda wa kifuani kwenye kiti, akanitazama, "Umeniweka lijamu mimi sasa?"

Alafu nusu ya pili ndo naipenda zaidi. Punda kazimwa, tuko mezani na kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kaja nacho kutoka kwake kimeviringishwa kwenye soksi. Nilimuuliza wiki ya kwanza anataka mkono umfanyie nini, akasema hicho tu, kunywa kahawa kama mtu mzima. Na hapa ndo shida inaonekana: kwenye mashine mkono unateleza umebebwa, lakini kikombe lazima ukinyanyue, uzito wote wa mkono ni wako. Leo kakishika, kakinyanyua kidogo kama upana wa vidole viwili, kikalala, maji yote kwenye suruali. Akasema neno ambalo siliandiki hapa.

Saa 6 na nusu mchana, wali wangu wa jana. Mwanafunzi ananiuliza hivi roboti inasaidia kweli? Nikamwambia asome ule utafiti mkubwa wa hapa Uingereza, RATULS, uliotoka 2019, watu 770, waliopangiwa mazoezi walifanya dakika 45 mara 3 kwa wiki kwa wiki 12. Wa roboti mkono ulisogea vizuri kuliko wa huduma ya kawaida, ila kwenye kutumia mkono kwenyewe hawakuwapita. Akanywea kidogo, mi sikushangaa, nimetoka kupangusa maji. Punda anakufikisha sokoni, kununua ununue mwenyewe.

Mchana wagonjwa wengine watatu, mmoja kalala katikati ya zoezi na mashine ikaendelea kumpeleka huku na huku kama mtoto kwenye bembea.

Saa 10 jioni kipimo cha mkono wa mzee: vitu 19, alama za juu kabisa 57, kuna kushika vipande vya mbao, kumimina maji, hadi kuokota goroli kwa dole gumba na kidole. Kwenye goroli alicheka, akasema utotoni alikuwa hatari kwa goroli. Iliteleza mara mbili. Ya tatu ikanyanyuka, haikufika kwenye rafu, nikaandika 1 kati ya 3, wiki nne nyuma ilikuwa 0.

Saa 2 usiku. Nimeshukia kituo cha mbele maana nilisinzia. Natafuta chupa ndogo ya chai, keshokutwa nambebea kahawa chungu ya kweli, kumeza alishapimwa yuko sawa. Vuguvugu lakini, suruali zake nazionea huruma.