Jinai haiozi, lakini madai ya kazi yanaoza kwa siku 30

Ukifukuzwa kazi Tanzania hii, hakosekani mtu wa kukukalisha kwenye benchi akakwambia, "Tulia, jinai haiozi." Mimi niliambiwa na watu watatu ndani ya wiki moja. Wa kwanza alikuwa bodaboda wa kijiweni kwetu Igoma, Mwanza, wa pili baba mdogo, wa tatu jamaa aliyevaa tai kabisa. Sasa mimi sikuua mtu wala sikuibiwa ng'ombe. Nilikuwa nadai kazi yangu, na hayo ni madai. Madai yanaoza, yaani muda wa kuyafungua unakwisha, tena mengine yanaoza upesi kuliko dagaa walionyeshewa mvua.

Baba mdogo aliwahi kushinda kesi ya shamba, kwa hiyo kwake kila kesi ni shamba. "Una miaka kumi na miwili, mwanangu, usihangaike." Ni kweli, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mdai wa ardhi miaka 12. Yule wa tai akasema miaka sita, kwa sababu ajira ni mkataba na mikataba ina miaka sita. Nayo ni kweli, ila si kwa mtu aliyeachishwa kazi akitaka kulalamika kwamba ameachishwa isivyo halali. Huyo ana kanuni zake, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, kanuni ya 10: siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Migogoro mingine ya kazi, kama malimbikizo ya mshahara, ina siku 60. Nayaandika haya kwa raha kana kwamba niliyajua tangu zamani. Sikuyajua.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, miaka minne na ushee. Barua niliipewa Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, eti nimesababisha upotevu wa mabati. Hakuna kikao, hakuna kujieleza. Nikampigia afisa utumishi, naye kwa sauti ya upole kabisa akaniambia bosi yuko Dubai, akirudi tutakaa tuyamalize kindugu. Nikasubiri. Wiki ya kwanza bosi yuko Dubai. Wiki ya pili bado yuko Dubai. Wiki ya tatu nikamwona bosi Buzuruga ananunua matikiti.

Aliyeniokoa ni kuli mmoja tuliyekuwa tunapakia naye mizigo, ambaye hata darasa la saba hakumaliza. Tulikutana kwenye daladala akaniuliza, "Kaka, umebakiza siku ngapi?" Siku ngapi za nini? Akanicheka. Yeye aliwahi kufukuzwa kwingine akachelewa, akarudishwa mlangoni. Akanihesabia kwa vidole: siku ya barua haihesabiwi, unaanza tarehe 7. Jumamosi na Jumapili zimo humo humo. Ikitokea siku ya mwisho yenyewe imeangukia wikendi au sikukuu, ndipo inasogea mbele. Ya kwangu iliangukia Jumatano, tarehe 8 Machi. Na mazungumzo ya kindugu hayasimamishi saa. Hata mngekuwa mnaongea kila siku asubuhi na jioni, siku zinakatika.

Nikafungua tarehe 6 Machi, siku ya 28. Kujaza Fomu Na. 1 sielezi, ukijua kusoma utajaza, ila usiiache Sehemu B, ndiyo ya waliokatishwa ajira. Kufungua hakukunigharimu kitu, isipokuwa kopi na nauli. Jioni ile nilitamba kijiweni kama mtu aliyeshinda ubunge.

Tarehe 22 Machi tukaitwa kwa msuluhishi. Mwajiri akaleta mwakilishi, kijana mwenye faili jembamba. Akasimama akasema wana pingamizi: huyo aliyelalamikiwa kwenye fomu hayupo duniani. Mimi nikadhani bosi kafa. Kumbe ni jina. Niliandika jina la kwenye kibao cha ghala, lile lililochorwa na fundi wa matangazo likiwa na picha ya nyundo. Hilo lilikuwa jina la biashara tu, na kampuni yenyewe ilisajiliwa kwa jina jingine kabisa. Barua zao zote, hata ya kunifukuza, zilikuwa na hilo la nyundo. Tarehe 12 Aprili maombi yakaondolewa, nikaambiwa naweza kufungua upya kwa kuzingatia sheria ya muda. Na muda ulikwisha tangu Machi 8. Nilitoka pale miguu haina mifupa.

Jina halisi nilipate wapi? Afisa utumishi ndio kwanza hapokei simu. Usiku wa tarehe 19 nimelala, nikakumbuka tangazo la TRA, wale wa kodi: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nikakaa kitandani. Miaka minne nimebana risiti za EFD, mashine ya kodi, kwa stepla pale stoo, mamia kwa mamia, na sijawahi kusoma mstari wa juu! Mashine ile haina mambo ya kibao, inatoa jina la mlipakodi na TIN yake.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 20, nikamtuma mtoto wa jirani na elfu tano akanunue misumari nusu kilo ya inchi tatu pale pale ghalani. Nikamwonya, "Usirudi bila risiti." Mimi nikasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya muuza mahindi, nimevuta kofia mpaka puani, kama mwizi wa filamu. Dogo kakawia. Nikaona keshia anatikisa kichwa, dogo anatikisa kichwa, mlinzi kaja. Moyo ukaniruka. Mwisho dogo akatoka na kifurushi na kakaratasi. Jina hilo hapo, herufi kubwa, lenye neno "Limited" mwishoni. Baadaye nilikwenda steshenari nikatafutiwa na usajili wa BRELA, wanaosajili kampuni, elfu ishirini na kitu ikaniponyoka, lakini mshindi ni ile risiti.

Na bado ilikuwa haijamaliza kazi yake.

Nikaenda kwa dada mmoja wa msaada wa kisheria. Huyu ndiye wa kwanza aliyenipa ushauri usio na methali. Akasema nitaomba kuongezewa muda, Fomu Na. 2 na kiapo. Siku za mwanzo mpaka tarehe 12 Aprili zisininyime usingizi, kwa sababu nilikuwa ndani ya Tume, shauri lilifunguliwa kwa wakati likaanguka kwa kasoro. Wanasheria wanakuita huko kuchelewa kwa kiufundi. Kazi iko kuanzia tarehe 13. Akanitajia kesi ya Lyamuya Construction, Mahakama ya Rufani, maombi ya mwaka 2010 yaliyoamuliwa 2011: ueleze muda wote uliochelewa, usiwe umepitiliza mno, uonyeshe bidii si uzembe, na kama kuna jambo jingine zito kama uharamu kwenye uamuzi, ulitaje. "Muda wote maana yake kila siku," akasema. "Hata moja ukiiruka wataikalia hiyo hiyo."

Nikang'oa kalenda ya ukutani nikaitandika mezani kwake. Tarehe 13 hadi 18 nafuatilia nakala ya uamuzi, muhuri upo. Tarehe 19 nilikwenda kwake sikumkuta, kitabu cha wageni kina jina langu. Tarehe 21 nikamkuta. Tarehe 22 na 23 Idi. Tarehe 24 na 25 BRELA. Tarehe 26 Muungano. Tarehe 27 hadi 29 nililazwa na malaria, kadi ya hospitali hii hapa. Tarehe 30 Jumapili. Mei Mosi, siku ya wafanyakazi, ofisi ya kutetea wafanyakazi imefungwa, na mimi nisiye na kazi niko nyumbani. Mei 2 na 3 tunaandika.

Dada akarudisha kidole nyuma. "Na tarehe 20 Aprili ulikuwa wapi?"

Nikatoa risiti. Tarehe 20/04/2023, saa tano na dakika kadhaa asubuhi, misumari nusu kilo. Alicheka mpaka akavua miwani. Mashine ya mwajiri wangu mwenyewe ilikuwa imenitolea ushahidi kwamba siku hiyo nilikuwa nahangaikia kesi yake. Ikabandikwa kwenye kiapo kama kielelezo.

Kiapo nikaapa tarehe 4. Tarehe 5 nikaenda kuwapelekea nakala, maana Tume haipokei fomu kama huonyeshi kwamba mwenzako amepewa. Katibu muhtasi akakataa kusaini, mlinzi niliyekuwa nampa shikamoo miaka minne akanifungia geti. Sikubishana. Nikaenda posta nikaituma kwa rejesta, stakabadhi nikaichomeka kwenye faili, Jumatatu tarehe 8 Mei nikafungua. Kwa hiyo usipigane na walinzi, mwaya, posta ipo.

Kijana wa faili jembamba akaja na kiapo kinzani, anasema nimezembea. Akazipitia siku moja moja akitafuta tundu. Alipofika tarehe 20 akaishika nakala ya risiti, akaisoma jina la juu, akainyamazia. Mwishoni mwa Juni nikaongezewa muda. Julai tukarudi kwenye usuluhishi, na safari hii bosi alikuja mwenyewe, Dubai hakuna. Tukakubaliana: notisi, likizo zangu, kiinua mgongo cha miaka minne, na miezi kadhaa ya fidia juu yake, kwa awamu mbili. Ilizidi milioni tatu kidogo. Dada ananiambia ningekomaa mpaka kwa mwamuzi pengine ningepata zaidi, lakini nilishachoka kula kwa shemeji.

Cheti cha utumishi nacho nikakidai. Wakakileta na jina la kwenye kibao, lenye nyundo. Nikakirudisha.