Nyumba ya Makonsuli, Shangani

Niliteremka botini Malindi saa nne asubuhi nikiwa na mkoba mmoja na agizo la baba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa afisa katika balozi zetu za nje na ambaye, kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kusafiri, alinituma nikamtazamie nyumba waliyoishi makonsuli, yaani mabalozi wadogo, wa kwanza wa Uingereza hapa Unguja. Nilifuata ufuo kwa miguu, nikapita Forodhani, hadi Shangani.

Kibao cha ukutani kinaeleza kuwa ubalozi ulikuwa humo kuanzia 1841 hadi 1874, kwamba wavumbuzi wa Kizungu Burton, Speke, Grant na Kirk waliwahi kukaa hapo, na kwamba maiti ya Livingstone ililazwa katika nyumba hiyo ikiwa njiani kurudishwa kwao. Wapita njia hao hawakunishughulisha sana. Nilimfikiria zaidi Atkins Hamerton, konsuli wa kwanza, aliyeingia 1841 na kubaki kazini hadi alipofariki mwaka 1857, miaka 16 ya kusubiri meli zilete barua na kupeleka majibu ambayo huenda yalikwisha kupitwa na wakati kabla ya kufika. Nyumbani kwetu kulikuwa na sanduku la bati ambalo mama hakuwahi kulifungua lote, kwa sababu uhamisho ungeweza kuja wakati wowote. Nadhani Hamerton alikuwa na lake.

Wamarekani walimtangulia. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 na Sultani Sayyid Said, Richard Waters wa mji wa Salem, Marekani, aliwasili 1837 akiwa konsuli, lakini alikuwa mfanyabiashara vilevile, akishirikiana na Jairam Shivji aliyesimamia forodha ya Sultani. Siku hizi afisa angefukuzwa kazi kwa hilo. Nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa kwao ndizo zilizotuachia neno merikani, nami nakiri kwamba nililitumia tangu utotoni bila kujiuliza lilikotoka.

John Kirk alianza mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi, akapanda hadi kuwa konsuli, na mwaka 1873 ndiye aliyembana Sultani Barghash hadi akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Katikati ya shinikizo hilo lote alipata wasaa wa kukusanya mimea na wanyama. Kima punju wa Jozani hadi leo anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi.

Nilikaa barazani hadi jua lilipopinda, nikanywa kahawa vikombe vitatu, kisha nikampigia baba simu na kumsimulia yote. Hakuuliza chochote kuhusu mikataba. Aliuliza madirisha yanatazama wapi.

“Baharini,” nilimjibu.

“Basi walikuwa na nafuu,” alisema. “Sisi kituo cha kwanza, dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani.”