Maneno 23 kwenye daftari

Leo jioni mwanangu kasema "isha". Alikuwa amemaliza uji wake wa mchele, akakigeuza kikombe juu chini, tone la mwisho likamdondokea kwenye fulana, akaninyanyulia macho: "Isha." Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikaenda kuchukua daftari. Isha, uji, Jumanne. Ni neno la 23. Ana miaka miwili na miezi minane.

Mtoto wa nyumba ya pili, aliyezaliwa wiki moja baada ya wangu, alikuwa akisema "sitaki kulala" wakati wangu bado ananishika kidole na kunivuta hadi kwenye anachokitaka. Nami nampa. Nilimjua kwa macho tu: akitazama chupa ya chai, anataka biskuti; akikaa mlangoni, kandambili. Niliona fahari kwamba tunaelewana bila neno.

Hapa kwetu Tanga kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, baba yake naye alikaa kimya mpaka miaka mitatu. Atasema tu." Nikaitikia, "Sawa, mama." Alitaka nipate usingizi, najua. Mwingine akasema ana udata, ule utando wa chini ya ulimi unaoufunga, apelekwe akakatwe. Kwenye harusi moja mtu aliniuliza kama ni bubu, mtoto yuko mapajani mwangu anamtazama. Usiku ule nilikaa kitandani nikiangalia kifua chake kikipanda na kushuka, nikitafuta nilipokosea.

Alipotimiza miaka miwili alikuwa na maneno sita, na mlio wa paka nimeuhesabu humo. Wengi wa umri huo wana maneno kama 50, na wanaanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "uji bado". Tukaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alimtazama chini ya ulimi, akasema ulimi uko sawa, na kwamba hata udata wenyewe, ingawa unaweza kusumbua kunyonya na pengine baadhi ya matamshi, haumnyimi mtoto maneno. Akauliza: akiitwa jina anageuka? Anakuonyesha vitu kwa kidole ili mvitazame wote? Nikamwambia kila mwezi ukitoka ananivuta nje anionyeshe. Akaandika, kisha akasema tupime masikio.

Nilibisha. Huyu anasikia! Pikipiki ya baba yake ikiwa bado kona, yeye yuko mlangoni. Daktari hakukasirika. Akamwekea kifaa kidogo sikioni, mashine ikachora mstari. Sikio zima huchora kilima. Wa mwanangu ulilala bapa, kulia na kushoto. Kulikuwa na maji nyuma ya kiwambo cha sikio, pengine kwa sababu ya mafua yasiyokwisha. Pikipiki anaisikia, lakini maneno yanamfikia kama mtu anayeitwa naye amezama baharini. Nilikumbuka mara zote nilizomwambia "sema mama, sema" nikiwa nimempa mgongo, nakuna nazi.

Maji ya namna hiyo mara nyingi hukauka yenyewe. Tuliambiwa turudi baada ya miezi mitatu, na tuliporudi kilima kikaonekana. Nililia pale pale kwenye kiti.

Nilidhani sasa maneno yatamwagika. Hayakumwagika. Tukapanda basi kwenda Dar es Salaam kuonana na mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi. Alitutazama tukicheza na sufuria na vifuniko, kama dakika kumi, halafu akasema taratibu, "Mama, kila alipotaka kuomba, ulikuwa umeshampa." Nilihisi joto usoni. Akanifundisha kukaa chini macho yetu yalingane, kupunguza "hii nini?", kutaja kitu kisha kunyamaza na kuhesabu moyoni. Akisema "pi", nimwongezee: "pikipiki imekuja." Na mlio anaoutumia kila mara kwa kitu kilekile niuandike, nao ni neno.

Nilimuuliza pia kuhusu Kisambaa. Bibi yake alikuwa ameacha kuongea naye Kisambaa, kwa hofu kwamba lugha mbili zinamchanganya, akawa anamkalia kimya mjukuu wake. Mtaalamu alisema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, bibi aendelee. Nilimpigia simu tukiwa bado stendi. Hakujibu kwa muda, kisha akasema, "Haya, mleteni." Kati ya maneno 23, manne ni ya bibi.

Kusubiri ndiko kugumu. Siku ya kwanza nilishika kikombe cha uji mkononi, nikamtazama, nikahesabu. Alilia. Mpaka saba nikashindwa, nikampa. Siku ya nne akasema "u". Nusu ya neno, nami nikampa kikombe kizima. Simu yenye katuni niliyokuwa nampa nikipika nimeiweka juu ya kabati. Sasa anakaa jikoni na vitunguu vyake viwili.

Baba yake alipoingia leo akauliza kama kuna jipya. Ulimi uliniwasha, lakini sikumwambia. Nilichukua kile kikombe kitupu, nikakiinamisha mbele ya mtoto, nikanyamaza. Baba naye akaelewa, akachuchumaa. Tulihesabu mpaka kumi. Hakusema. Alikivaa kikombe kichwani, akacheka, akakimbilia chumbani.