Kisutu cha shangazi

Zilikuwa zimebaki siku kumi kufika Idd, shangazi yangu wa Tabata akataka sebule ichangamke. Chumba cha mita 4.5 kwa 3.6: kuta krimu, sofa krimu, mapazia krimu. Jicho halikuwa na pa kutua. Tukakubaliana ukuta wa televisheni upakwe bluu nzito inayokaribia nyeusi. Ule unaotazamana na dirisha niliukwepa makusudi, maana rangi nzito mahali pale hunywa mwanga wa mchana na chumba kizima hufifia.

Ukuta ulikuwa na mita za mraba kama 10. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani eneo hilo kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, na bluu nzito juu ya krimu hutaka mikono mitatu, kwa hiyo zilihitajika kama lita 3; tulinunua 4 ili isipungue. Fundi alishachovya rola. Nikamwomba kwanza tumulike tochi ubavuni mwa ukuta, na kila kovu la plasta likajitokeza. Krimu husitiri makovu hayo, bluu nzito huyaanika. Tukaziba kwa puti, tukapiga msasa namba 120 kisha 220, tukafuta vumbi.

Jioni ya pili ukuta ulipendeza sana, lakini chumba kiliharibika. Shangazi alisimama mlangoni kitambo.

"Mwanangu, mbona nyumba imelalia upande?"

Ni kweli. Bluu, televisheni nyeusi na kabati la mninga vyote vilikuwa upande mmoja. Ng'ambo kulikuwa na sofa la krimu mbele ya ukuta wa krimu. Mashua yenye shehena ubavu mmoja haisawazishwi kwa kuitupa shehena baharini, bali kwa kuhamishia nyingine upande wa pili. Kupaka bluu ukuta wa pili kungekibana chumba. Kilichotakiwa ni weusi kidogo juu ya sofa.

Shangazi akatoa sandukuni kisutu chake, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tukakifua peke yake, kwa sababu nyekundu huchuja, na kanga ikiwa bado na wanga haivutiki sawasawa. Fundi seremala akaunga fremu ya sentimita 140 kwa 100, ikabaki kama sentimita 5 za kukunjia nyuma kila upande. Hapa ndipo wengi huharibu: huanza kupiga pini kwenye kona, kitambaa kikavutika kiulalo na pindo likapinda kama nyoka. Sisi tulianza katikati ya kila upande, pini moja moja, tukivuta pande zinazotazamana, kisha tukaelekea kona. Pindo lilinyooka, na mji, yaani sehemu ya ndani ya kanga, ukakaa katikati.

Sofa lilikuwa na urefu wa mita 2.1, na fremu ilichukua theluthi mbili zake. Tuliitundika sentimita 18 juu ya mgongo wa sofa. Ikipanda zaidi huonekana haihusiani na kitu kilicho chini yake. Kabati la mninga nikalihamishia kando ya sofa, na mito miwili ya bluu ikakaa mwisho mmoja.

Ila sasa nyekundu ilikuwa upande mmoja tu. Kabla sijasema neno, shangazi alikwenda jikoni akarudi na kawa ya ukili yenye milia myekundu, akaiweka chini ya televisheni, kushoto kidogo.