Land Rover ya zamani na kutu ya Dar: anza chini, si kwenye rangi

Wengi wakishanunua Land Rover Series III, mbio za kwanza ni kwa mpiga rangi. Kosa. Bodi yake karibu yote ni alumini. Kinachokufa ni chasisi ya chuma, nayo huoza kutoka ndani, hasa gari likilala Msasani au Kigamboni, jirani na chumvi ya bahari.

Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chasisi yote, ukikazia boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi. Chuma kizima hulia "ting". Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama. Usikubali pati, wala bati jembamba la kupachika juu: maji hunaswa katikati, kutu inaendelea kula. Kata mpaka ukute chuma safi, ndipo fundi achomelee bamba la milimita 2. Kabla ya hapo shusha tangi la petroli (mara nyingi lipo chini ya kiti), toa waya za betri na za altaneta, maana umeme wa kuchomelea huunguza dayodi za altaneta (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu).

Nje paka praima ya zinki. Ndani pulizia nta kupitia matundu ya chasisi, halafu hakikisha yale ya kutolea maji hayajaziba. Oili chafu badala ya nta ni bei poa, ila huharibu raba za bushi.

Ule unga mweupe chini ya milango? Alumini imegusana na fremu ya chuma penye chumvi, na inayoliwa ni alumini. Zitenganishe kwa rangi nzito au utepe wa raba.